Ndege Iliyotapika Zabibu Nzuguni

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, doti ya kitenge na kazi ya ziada. Kazi yenyewe ndiyo hii: niandike historia ya kikosi chetu cha ndege za mizigo hapa Dodoma, ili ninyi vijana mnaoingia sasa mjue mlikotoka. Afande aliyenipa kazi hiyo alitaka maneno mazito, yenye ushupavu na uzalendo kila baada ya mistari michache. Nimejaribu. Nilipofika kwenye ushupavu wa tatu nikaona nadanganya, nikaichana karatasi. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona. Habari za vyeo nitaziruka. Nilivipata kwa kuchelewa, na havikunifundisha kitu.

Naitwa Tabita. Nimezaliwa Mvumi, kwa baba aliyelima uwele na kufuga ng'ombe wachache, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuigusa ndege. Kazi yangu jeshini, miaka yote, ilikuwa kupanga mizigo ndani ya ndege. Rubani ndiye hupigwa picha. Fundi ndiye huogopwa. Mpanga mizigo hujulikana siku mambo yakiharibika, maana mzigo uliozidi, au uliokaa vibaya, huiangusha ndege vizuri kabisa bila msaada wa adui.

Niliripoti kikosini miaka ya mwisho ya foleni za sukari, nikiwa na sanduku la bati na matumaini mengi. Nilitegemea kukuta ndege zimepangwa mstari kama kwenye kalenda. Nilikuta tatu. Moja iliruka. Ya pili ilikuwa inanyofolewa vipuri ili ile ya kwanza iendelee kuruka. Ya tatu walikuwa wanatagia kuku wa mke wa afande mmoja, na tulikatazwa kuwabughudhi. Ile iliyoruka, yenye injini mbili na mlango mpana wa nyuma, tuliiita Mama Mkwe, kwa sababu huwezi kuisogelea bila adabu, na ikinuna imenuna.

Aliyenipokea alikuwa Sajini Meja Feruzi, mtu wa mjini Dodoma, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara wakasahau kuondoka. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mtu anayenadi samaki. Nilipiga saluti, nikasema, "Jambo afande." Alinyoosha kidole kwenye mizani kubwa ya magunia.

"Panda."

"Mimi, afande?"

"Kuna mwingine hapa? Panda. Mzigo wa kwanza ndani ya ndege ni yule anayejiona si mzigo."

Alimpima kila mtu, hata wakubwa waliotoka makao makuu. Mmoja, mwenye tumbo la kuheshimika, aliwahi kukataa kupanda mizani mbele ya askari. Mzee Feruzi hakubishana naye. Alimzunguka mara moja kama mtu anayenunua fahali mnadani, kisha akanipigia kelele, "Tabita! Andika magunia mawili ya mahindi, moja halikujaa!" Yule mkubwa akapanda mizani mwenyewe.

Vifaa vyangu alinikabidhi siku hiyohiyo: chaki ya kuchora sakafuni mahali pa kila mzigo, nyavu, mikanda ya kufungia, na kisu kifupi chenye ncha iliyopinda. Alinifundisha kufunga kwa muda mrefu sana. Kukata alinifundisha kwa maneno machache: "Ukiona rubani amekuita jina lako badala ya cheo chako, kata." Ninyi siku hizi mna mikanda inayofunguka kwa kubonyeza. Vizuri. Bado jifunzeni kutumia kisu.

Miaka iliyofuata, ushupavu wetu ulikuwa wa kipekee: kikosi cha ndege kilichokwenda kwa miguu. Mafuta hayakuwepo. Marubani walifanya mazoezi wakiwa wamekaa kwenye viti vya mesi, mmoja akisema "naruka sasa," mwingine akisema "nimekuona," na mimi nyuma yao nikipakia mizigo ya hewa na kufunga nyavu juu ya sakafu tupu. Mzee Feruzi alinikagua kwa ukali uleule. Siku moja alinigombeza kwa kuweka pipa la kufikirika mbali mno na mlango. Nilicheka. Yeye hakucheka hata kidogo, akanirudisha nikalipange upya lile pipa ambalo halikuwepo.

Halafu ikaja ruksa. Mnayaona maduka haya yamejaa. Hamjui ilivyokuwa kuamka asubuhi na kukuta kila kilichokuwa dhambi jana leo kinaitwa juhudi. Mitumba ikafika, sabuni za kila rangi zikafika, walimu wakauza maandazi na maofisa wakafuga kuku bila kujificha. Agizo likashuka kwamba serikali haina hela, kila kikosi kiwe na mradi. Mkuu wa kikosi chetu wakati huo alikuwa Kanali mmoja mrefu, mtanashati, ambaye jina lake sitalitaja kwa sababu wajukuu zake hawana kosa. Alilipokea agizo lile kama mtu aliyekuwa amelala akilisubiri. Ndani ya mwezi alianza kuvaa suti siku za Jumamosi. Askari wakamwita Mkurugenzi, na kwa bahati mbaya alipenda.

Hanga la ndege likakodishwa kuwa ghala, na ndege yenyewe ikakodishwa kwa dalali yeyote aliyekuja na mafuta yake. Malori yakawa yanaingia langoni yakitoka Kibaigwa yamejaa mahindi, madalali wakawa wanabishana bei chini ya bawa la Mama Mkwe, na panya wakaja nyuma ya mahindi. Panya wakishiba mahindi hutafuta kitu cha kusafishia meno, na kwenye hanga la ndege kuna nyaya nyingi. Fundi mkuu aliomba tununue paka. Mkurugenzi akajibu kwamba paka hawamo kwenye mradi.

Mesi nayo ikageuzwa baa ya wananchi, yenye taa za rangi na spika mbili. Hapo ndipo Mzee Feruzi alipopata msukosuko wake. Siku moja alikataa kupakia mahindi ya dalali mmoja juu ya kiwango cha ndege. Hakupiga kelele, alikaa tu juu ya magunia yaliyozidi na kusema hashuki. Wiki iliyofuata alipangiwa kazi nyingine. Mtu ambaye hajawahi kuonja bia maishani mwake, anayeswali sala tano, walimfanya msimamizi wa baa.

Nilikwenda kumwona huko mchana mmoja. Alikuwa nyuma ya kaunta, kofia ya kiua kichwani, anapanga kreti za bia kwa mpangilio uleule wa ndani ya ndege, nzito katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Usinionee huruma. Hapa angalau mzigo ukizidi anaanguka mtu mmoja mmoja."

Nikabaki peke yangu na mizani.

Sasa nifike kwenye zile mvua. Zilikuwa mvua za mwaka ambao maji yalikata reli na barabara kuu upande wa mashariki, na upande wa Bahi mbuga ikawa bahari. Kijiji kimoja huko kilizungukwa na maji pande zote. Sitakitaja, kimeshatajwa vya kutosha kwenye hotuba. Unga ulikuwa umewaishia, na kipindupindu kilikuwa kimeingia. Walituma habari kwa redio ya polisi, na kikosi chetu kikaagizwa kuwadondoshea chakula na dawa kutoka angani. Kwa mara ya kwanza tangu nivae magwanda, tulipewa kazi iliyofanana na jina letu.

Asubuhi hiyo nilipakia mwenyewe. Unga nilikuwa nimeutia kwenye magunia mawili mawili, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lishike. Maboksi ya dawa na chupa za dripu tuliyafungia miavuli midogo. Rubani alikuwa Kapteni Mbwilo, mtu mpole aliyekuwa na mazoea ya kuipapasa ndege shavuni kabla ya kupanda, na msaidizi wake Luteni mmoja asiyesema sana. Kapteni alikuwa ameshapanda, injini bado hazijawashwa, ndipo lori likaingia uwanjani.

Lori lilikuwa limejaa zabibu za Makutupora.

Nyuma yake likaja gari la Mkurugenzi, na ndani yake shemeji yake. Huyu kaka wa mke wa Mkurugenzi alikuwa amenunua mavuno ya wakulima kadhaa, na kwa kuwa barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika, zabibu zilikuwa zinamlainikia mikononi. Kikosi kizima tulimwita Shemeji, hata wapishi. Alivaa suti ya kijivu na kubeba mkoba wa ngozi, kana kwamba zabibu zina mkutano.

"Sajini," Mkurugenzi akaniambia, "shusha hivyo vitu. Tunapiga trip moja ya Dar, mnarudi jioni, mnapeleka unga."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unga, afande? Wenzetu kule hawana chakula."

"Unga hauozi, Sajini. Zabibu zinaoza."

Kapteni Mbwilo alishuka. "Afande, kuna wagonjwa."

"Wamesubiri wiki nzima, Kapteni. Watashindwa kusubiri mpaka jioni? Huu ni mradi wa kikosi. Mnataka mafuta ya ndege yatoke wapi?"

Hilo la mwisho lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ndiyo maana liliuma. Mafuta yale yalikuwa yamenunuliwa na Shemeji. Tulishusha unga, tukauweka kando ya hanga, tukaufunika turubai. Tukapakia kreti.

Nilipima. Nilipofika kwenye kiwango cha ndege nilichora mstari wa chaki na kuinua mkono. Shemeji akauvuka mstari na kreti mbili mikononi. Nikamwambia Kapteni, Kapteni akamwambia Mkurugenzi kwamba uzito umezidi, na kwamba Dodoma tuko juu, hewa nyepesi, jua kali, ndege haina mahali pa kushika.

Mkurugenzi akatabasamu kwa subira. "Hivyo viwango viliandikwa na watu wa nchi za baridi."

Sikuwahi kuelewa alimaanisha nini. Nadhani alifikiri joto huipa ndege nguvu, kama linavyomchangamsha mjusi. Kapteni alipunguza mafuta kadiri alivyothubutu ili kufidia uzito, akaipapasa Mama Mkwe shavuni muda mrefu kuliko kawaida, tukapanda. Shemeji naye akapanda. Alisema hawezi kuiacha mali yake ikasafiri peke yake. Nilimfunga mkanda kwenye kiti cha ubavuni, akaufungua, akaenda kukaa juu ya kreti.

Tuliruka kuelekea mashariki. Niseme tuliondoka ardhini. Kuruka ni neno kubwa. Uwanja uliisha na miti ikawa bado inatutazama usoni. Nilikuwa nimeshika wavu, nahesabu pumzi za injini kwa miguu, ndipo ile ya kulia ikakohoa. Ikakohoa tena, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Mpaka leo sijui kama ni uzee, mafuta, au jino la panya. Ndege ikalegea chini yangu.

"Sajini!" Kapteni aliita. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Tabita! Tabita, punguza!"

Nilijifunga mkanda kiunoni, nikafungua mlango wa nyuma, upepo ukaingia kama ng'ombe aliyekata kamba. Nikachomoa kisu, nikakata wavu wa kwanza, nikasukuma kwa mabega. Kreti zikaanza kwenda.

Shemeji alizikumbatia zilizofuata. "We mama! Hiyo ni mali ya watu!"

"Ziachie!"

"Nitakushtaki!"

"Shemeji, chagua. Unabaki na mimi au unakwenda nazo?"

Alitazama mlangoni, akaona paa la nyumba likipita karibu kiasi cha kuhesabu mabati. Aliziachia. Na niseme kwa haki, baada ya hapo alizisukuma vizuri kuliko mimi. Alisukuma huku analia na kutaja jina la mama yake, suti imelowa maji ya zabibu mpaka magotini. Chini yetu palikuwa Nzuguni, ambayo siku hizo haikuwa na majumba haya mnayojenga. Ilikuwa mashamba ya mtama na nyumba zilizoachana mbali. Nilichagua mashamba kadiri nilivyoweza. Niliogopa sana. Niliogopa kuua mtu chini, na niliogopa kufa kwa ajili ya matunda.

Mama Mkwe alipungua mwili, akainua pua kidogo. Kapteni akamgeuza taratibu kwa injini moja, akaturudisha uwanjani. Tuligusa ardhi kwa kishindo, tukasimama mwisho kabisa wa lami. Luteni asiyesema sana alishuka na kutapika kando ya tairi.

Gari la Mkurugenzi lilifika mbio. Alishuka, akatutazama, akachungulia ndani ya ndege, akauliza:

"Zimebaki ngapi?"

Kapteni Mbwilo alivua kofia. "Tumebaki watu wanne, afande."

Swali lile liliishi kikosini kuliko ndege yenyewe. Kwa miaka mingi askari akianguka na baiskeli, au akitoka hospitali, wenzake walimpokea hivyohivyo: zimebaki ngapi?

Lakini Mama Mkwe alikuwa amekufa injini moja, na unga ulikuwa bado uko chini ya turubai.

Nilikuwa nimekaa juu ya magunia hayo nilipomwona Mzee Feruzi anakuja kutoka mesi, kifungua chupa bado kinaning'inia shingoni.

"Unga wote upo?"

"Upo, mzee. Na dawa."

"Maji yanaanzia wapi?"

"Wanasema malori yanafika mpaka kwenye reli, halafu basi."

"Basi nini? Mizigo ilifika nchi hii kabla ya ndege. Inuka, binti."

Hakumwomba mtu ruhusa. Aliingia kwenye mabweni na kwenye baa, akawatoa askari na wateja wawili waliokuwa hawajalewa. Aligawa upya kila gunia kuwa vifurushi vya mtu mmoja, akawapima watu kwa macho, mwenye mgongo akapewa unga, mwenye shingo imara akapewa boksi la dawa kichwani. Malori yalitufikisha kwenye maji. Tukaingia. Tulitembea kwa mstari, tumeshikana kwa kamba za nyavu za ndege, maji yakiwa ya magoti, ya kiuno, na mahali pengine ya kifua, Mzee Feruzi mbele na fimbo akipima kina na kutukana. Tulilala kwenye kiinuko cha ardhi pamoja na mbuzi wa watu. Kesho yake tukafika.

Hapa sina mzaha. Nyuma ya kanisa la kijiji udongo ulikuwa mbichi mahali kadhaa, na baadhi ya mahali hapo palikuwa pafupi. Muuguzi wa zahanati, dada mmoja mwembamba aliyekuwa hajalala sijui tangu lini, alipokea boksi la dripu kutoka kichwani pangu, akaketi chini pale pale, akalia kwa sauti. Halafu akanawa mikono, akaingia ndani kazini. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Yeremia, alitusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akatushika mikono mmoja mmoja. Hatukupata nafasi ya kuzungumza. Tulibeba maji, tukachemsha, tukapika uji, tukachimba vyoo.

Tuliporudi Dodoma tulikuta tume. Maofisa watatu walitumwa kuchunguza ni nini kiliangukia Nzuguni. Waliketi kwenye baa, kwa sababu ndicho kilikuwa chumba pekee chenye viti vizima, na Mzee Feruzi, matope hayajamtoka kuchani, akawapa soda.

Hata usiku mmoja haukuwa umepita tangu nirudi, Mkurugenzi akaniita ofisini. Aliniita "mwanangu," jambo ambalo halikuwa kwenye kanuni. Akasema Kapteni Mbwilo ni rubani mzuri ila ana haraka, je, sikuona kama hakuikagua injini? Akaniambia nifikirie maisha yangu. Nilimjibu kwamba aliikagua, na aliipapasa pia. Akaniambia nitoke. Sikulala vizuri. Nilikuwa na watoto wawili na nyumba ya kikosi, na kusema kweli niliziona nguo zangu zikitolewa nje.

Tume ilianza na bibi mmoja wa Nzuguni. Alikuja na kreti moja kichwani, nzima, akiwa ameifunika kanga. Alisema ameirudisha kwa sababu mwenyewe atakuwa anaitafuta.

"Bibi, uliona nini siku hiyo?" mwenyekiti wa tume aliuliza.

"Niliona ndege inatapika."

"Inatapika?"

"Ee. Ilikuwa inaumwa. Ikatapika, ikapata nafuu, ikarudi kwao."

Mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika: shahidi alithibitisha kuona mzigo ukishushwa."

Nikaitwa mimi. Nilisimama wima na kusema yote: unga ulishushwa, zabibu zilipakiwa, uzito ulizidi, aliyeamuru ni Mkuu wa Kikosi, na Kapteni alituokoa. Nilisema kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka nje. Mkurugenzi alikuwa amekaa pembeni, anatazama viatu vyake. Mwenyekiti wa tume alikuwa mtu mzima, mwenye miwani, aliyekaribia kustaafu, na niliona waziwazi kwamba hakutaka kustaafu akiwa na kesi ya Kanali mkononi.

"Sajini," alisema, "zabibu ni chakula au si chakula?"

"Ni chakula, afande."

"Andika: chakula. Zilishushwa kutoka angani?"

"Zilitupwa, afande."

"Kutoka angani?"

"Kutoka angani, afande."

"Andika. Na wananchi wa Nzuguni walizipokea?"

"Zilipowaangukia, afande, walizipokea."

"Walilipishwa?"

"Hapana, afande."

"Andika: bila malipo." Akavua miwani, akaifuta. "Na hiki ni kipindi cha maafa ya mafuriko, au sivyo?"

Hivyo ndivyo kikosi chetu kilivyofanya, kwa mujibu wa maandishi, operesheni yake ya kwanza ya kudondosha chakula cha msaada kwa waathirika. Ukisoma ule ubao wa shaba pale langoni utaikuta. Hakuna aliyefukuzwa, hata mimi. Ukweli wangu waliuchukua wote, wakauosha, wakaupiga pasi, wakanirudishia ukiwa nguo ya mtu mwingine.

Kilichowapata wenzangu ni hiki. Mama Mkwe hakuruka tena. Mkurugenzi alihamishwa kwenda juu, ambako ndiko huhamishiwa watu wa aina yake, na baadaye akafungua kampuni ya usafirishaji. Kapteni Mbwilo alitunukiwa cheti cha ushupavu. Alikipokea, akapiga saluti, mwezi uliofuata akaacha jeshi, akaenda kurusha watalii kwenye ndege ndogo za watu binafsi huko kaskazini. Aliniambia watalii wanapimwa kabla ya kupanda na hawanuni. Mzee Feruzi alirudishwa kwenye mizani kimyakimya. Alifanya kazi mpaka alipostaafu, na baa ikafa, kwa sababu msimamizi aliyemfuata alikuwa mnywaji.

Sherehe yenyewe ya kutoa vyeti nimeiacha mwisho. Ilifanyika uwanja wa gwaride, maji yakiwa yamekauka. Palikuwa na mahema, bendi na mgeni rasmi. Mkurugenzi alikuwa amemwalika Mzee Yeremia, yule mwenyekiti wa kijiji, aje atoe shukrani kwa niaba ya walioathirika. Nadhani hakuna aliyemweleza anashukuru nini. Alivaa koti zito jeusi kwenye jua lile, akapewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

Alisema Kiswahili chake taratibu, anachagua neno kabla ya kulikanyaga. Alisema wanawashukuru askari waliokuja kwa miguu. Alisema walipoambiwa kwa redio kwamba ndege itakuja, walifyeka uwanja, wakapanga mawe wakayapaka chokaa, yakawa msalaba mkubwa, ili rubani aone. Watu wote walitoka. Hata wagonjwa walibebwa nje, wakae mahali pa kuiona ikija. Walikaa mpaka jua likazama. Mawe bado yapo, hawajayatoa, pengine ndege itakuja siku nyingine.

Mkurugenzi alikuwa anamnong'oneza mgeni rasmi wakati wote huo. Alisikia mwisho wa sauti, akajua hotuba imekwisha, akasimama na kupiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Bendi ikapiga.

Baada ya chakula Mzee Yeremia alinitafuta. Alinikumbuka kwa boksi la kichwani. Nilimshikia sahani akakaa kwenye kivuli cha hema, koti lake mapajani.

"Mwanangu," aliniuliza, "siku ile ndege ilikwenda wapi?"

"Ilikuwa inakwenda Dar es Salaam, baba."

"Kupeleka nini?"

"Zabibu."

Alifikiri. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa mkulima, na alilitazama jambo lile kama mkulima.

"Zilifika?"

"Hazikufika, baba."

Akatikisa kichwa polepole, akaanza kuvaa koti lake.

"Basi tumekosa wote."